SOMO: Kupima kuvu iozeshayo mbao kwa ELISA

Swali la "kisima kimegeuka manjano, je, mbao imeoza?" limeulizwa hapa mara nyingi mno, na nimeona heri niandike somo zima ili atakayeuliza tena aelekezwe huku. Kisima hapa ni kimojawapo cha vitundu vidogo vya sahani ya plastiki ya maabara. Jibu la mkato ni kwamba hakuna ajuaye mpaka kisima hicho kilinganishwe na kisima cha mbao nzima (isiyooza) ya aina ileile ya mti, kilichopimwa kwenye sahani ileile.

ELISA yenyewe, kipimo kinachotumia kingamwili (protini zinazoshika kitu mahususi) pamoja na kimeng'enya kinacholeta rangi, kilichapishwa na Engvall na Perlmann kule Uswidi mwaka 1971, na baadaye watafiti wa mbao wakakichukua kwa sababu moja kubwa: uozo wa kahawia, kama ule wa Postia placenta au Gloeophyllum trabeum, hudhoofisha mbao kwa kiasi kikubwa kabla haijapoteza hata sehemu moja kwa kumi ya uzito wake. Kingamwili zinaweza kuinasa kuvu katika hatua hiyo, wakati jicho bado linaona mbao safi.

Hatua ya 1. Toboa kwa drili na ukusanye unga wa mbao. Kwa nguzo ya mkaratusi, fukua udongo na utoboe karibu sentimita 30 chini ya usawa wa ardhi, kwa kuwa hapo ndipo unyevu na hewa hukutana. Tupa unga wa milimita chache za juu. Endesha drili polepole, kwani joto huharibu protini, na unga unaonuka moshi haufai. Futa keekee kwa ethanoli ya asilimia 70 kabla ya kila tundu. Ikiwa nguzo ina dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, vaa barakoa.

Hatua ya 2. Usipopima siku hiyohiyo, hifadhi unga kwenye friza.

Hatua ya 3. Tengeneza dondoo, na hapa naomba msome polepole, kwa sababu sahani nyingi huharibika katika hatua hii ilhali lawama huangukia kingamwili. Changanya gramu 1 ya unga na mililita 10 za bafa (kimiminiko kinachotuliza pH) ya fosfeti yenye chumvi, tikisa kwa saa kadhaa kwenye ubaridi, kisha zungusha kwenye sentrifuji na uchukue maji ya juu tu. Shida ni kwamba mbao zetu zina tanini na fenoli nyingine ambazo hugandamana na protini: zinaweza kuificha antijeni (sehemu ya kuvu inayoshikwa na kingamwili) usiione kabisa, au zikashika kwenye kisima na kuvuta kingamwili isiyohusika, ukapata rangi pasipo kuvu. Kwa hiyo tia polivinili polipirolidoni, ambayo hunyonya fenoli, tangu mwanzo wa kutikisa. Ukiitia baadaye utakuta tanini imeshaishika protini. Dondoo likibaki na rangi ya chai ya rangi, usilipeleke kwenye sahani.

Hatua ya 4. Punguza dondoo kwa bafa ya kaboneti yenye pH 9.6, tia mikrolita 100 kwa kila kisima, funika, uache usiku kucha kwenye nyuzi 4.

Hatua ya 5. Osha mara tatu kwa bafa ya fosfeti yenye Tween (aina ya sabuni) asilimia 0.05.

Hatua ya 6. Ziba nafasi zilizobaki kwa maziwa ya unga ya asilimia 5, saa 1. Yawe yale yaliyoondolewa mafuta, si yale ya chai.

Hatua ya 7. Tia kingamwili ya kwanza, ile inayoishika kuvu, saa 1 kwa nyuzi 37. Maelekezo ya vifaa yakisema "joto la chumba", kumbuka kwamba chumba cha Nairobi mwezi Julai si chumba alichokifikiria mwandishi wake, tumia inkubeta.

Hatua ya 8. Osha tena, tia kingamwili ya pili, inayoishika ile ya kwanza na iliyofungwa peroksidasi (kimeng'enya cha kuleta rangi), kisha uoshe kwa bidii zaidi. Bafa yoyote iliyohifadhiwa kwa sodiamu azidi isikaribie hatua hii, kwa sababu azidi huizima peroksidasi, na sahani itabaki nyeupe hata kama mbao imejaa kuvu.

Hatua ya 9. Tia TMB, kemikali ambayo peroksidasi huitoa rangi, simamisha kwa asidi ya sulfuriki (hapo rangi huwa manjano), soma ukali wa rangi kwa nanomita 450.

Sasa vilinganishi. Weka visima vya bafa tupu, visima vya mbao nzima ya mti uleule, na visima vya kipande ulichokiozesha kwa makusudi kwenye maabara. Mbao nzima ya saipresi haiwezi kusimama badala ya grevilea. Chukua wastani wa visima vya mbao nzima, ongeza mara tatu ya mchepuko sanifu, na hapo utakuwa na mpaka wako. Kila sampuli iwe na visima viwili au zaidi.

MASWALI

Mpimaji_Ruaraka: Nimepata 0.8. Imeoza ama haijaoza?

Jibu: 0.8 dhidi ya nini? Vilinganishi vimeelezwa hapo juu.

Mpimaji_Ruaraka: Sikuwa na mbao nzima, ndiyo maana nauliza.

Jibu: Basi huna kipimo, ndugu yangu, una rangi. Itafute mbao hiyo kisha urudie sahani.

Fundi_Gikomba: Mwalimu, sisi hudunga bisibisi tu na tunajua. Haya yote ya nini?

Jibu: Bisibisi yako hugundua uozo uliokwisha kulainisha mbao, na sijasema uiache. Somo hili ni la uozo ambao bisibisi haijaufikia. Kwa yadi yako ningekushauri ununue kipima unyevu kwanza, kwa sababu mbao inayokaa chini ya asilimia 20 haianzi kuoza.

Mwanafunzi_Juja: Shikamoo mwalimu. Mbao ikiwa na ukungu wa juu tu, kwa mfano Trichoderma, kingamwili zitautofautisha na kuvu iozeshayo?

Jibu: Marahaba. Umeuliza jambo la msingi. Kingamwili zilizotoka katika damu ya sungura huwa mchanganyiko, na baadhi yake hushika sukari za kuta za seli ambazo kuvu nyingi zinashirikiana. Zile za ukoo mmoja wa seli huchagua zaidi, lakini zinaweza kuikosa kuvu nyingine ambayo nayo inaozesha. Otesha ukungu huo peke yake, tengeneza dondoo lake, uliweke kwenye sahani kama kilinganishi cha nne. Ukipata rangi, utajua kingamwili zako zinadanganyika kwa kiasi gani.

Mkaguzi_Nguzo: Nguzo ilitiwa dawa upya, lakini bado inatoa chanya. Je, dawa haikufanya kazi?

Jibu: Haisemi hivyo. Kipimo kinaona antijeni, na antijeni hubaki hata kuvu ikifa. Otesha vipande kwenye agari ya kimea yenye benomili, dawa ya kuvu ambayo huzuia ukungu mwingi wa kawaida na kuziacha nyingi za kuvu ziozeshazo zikue. Kikiota kitu, basi kuvu iko hai.

Dada_Maabara: Mimi natumia fosfatasi ya alkali badala ya peroksidasi, na rangi inatoka hafifu.

Jibu: Unaosha kwa bafa ya fosfeti, sivyo? Fosfeti hukizuia kimeng'enya hicho. Uoshaji wa mwisho uwe wa bafa ya Tris, na usome kwa nanomita 405. Faida yako ni kwamba azidi haikusumbui.

Dada_Maabara: Asante, ni hiyo kweli. Na stima ikipotea, kingamwili kwenye friza?

Jibu: Zigawe katika vichupa vidogo siku ya kwanza, kila kimoja cha kutumika mara moja, kwa sababu kinachoziua ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara. Chupa unayoitumia wiki hii ikae kwenye nyuzi 4.