Mbwa akila sumu: saa ya kwanza na siku zinazofuata

Mfugaji amemaliza kuogesha ng'ombe, ndoo imebaki na dawa kidogo chini, naye ameingia ndani kunawa. Mbwa ana kiu. Mara nyingi sumu humfikia mbwa kwa njia kama hiyo, bila adui yeyote kumtegea: ndoo isiyomwagwa, chambo cha panya kilichowekwa sakafuni, mbegu zilizopakwa dawa zikaachwa kwenye gunia lililo wazi, panya aliyekufa nyuma ya ghala. Kwa hiyo ukimkuta mbwa wako amebadilika ghafla, jiulize kwanza: leo au siku chache zilizopita, tulitumia dawa gani hapa? Jibu hilo ndilo daktari wa mifugo atakalolihitaji kuliko jingine lolote, maana kila sumu ina njia yake ya kuua na tiba yake.

Dawa nyingi za kuulia wadudu wa mazao, pamoja na baadhi ya zile za kuogeshea mifugo, ni za makundi ya oganofosfeti na kabameti. Huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, basi tezi na misuli huendelea kufanya kazi bila kupumzika. Utaona mate yanachuruzika, macho yanatoa machozi, mbwa anatapika, anahara, mkojo unamtoka. Mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, na misuli huchezacheza chini ya ngozi. Kinachomuua ni kukosa pumzi: njia za hewa hujaa ute, na misuli ya kupumulia huishiwa nguvu. Dalili hizi zinaweza kuanza ndani ya dakika chache tu. Lakini sumu hii ina dawa yake: daktari ana sindano ya atropini, na mbwa aliyefikishwa mapema ana nafasi nzuri ya kupona. Usimkatie tamaa kwa sababu amelala chini anatetemeka.

Sumu ya panya ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa sababu hutupa muda wa kutosha nasi tunaupoteza. Aina zenye brodifakumu au bromadioloni huzuia mwili kutumia vitamini K, inayoisaidia damu kuganda. Mbwa akila leo, kesho atacheza na kula kama kawaida, na mwenyewe atasema dawa haikumdhuru. Kufikia siku ya 3 au ya 5 akiba ya mwili imekwisha, na damu inaanza kuvuja ndani: fizi zinapauka, anachoka upesi, anakohoa, anahema kwa shida, pengine damu inatoka puani au kinyesi kinakuwa cheusi. Wengine hawaonyeshi tone la damu nje, kwa kuwa yote inajikusanya kifuani au tumboni. Ukimwona mbwa akila chambo cha aina hii, au ukikuta pakiti imetafunwa, mpeleke siku hiyohiyo akiwa mzima. Tiba yake ni vitamini K1, mara nyingi kwa wiki 3 hadi 4, na usiikatishe kwa kuwa mbwa amechangamka. Sumu hizi hukaa mwilini muda mrefu kuliko dalili zake. Dozi ikiisha, damu ipimwe tena baada ya siku 2 au 3, na kipindi chote hicho mbwa asikimbizwe wala kupigana.

Ipo sumu nyingine ya panya, unga wa kijivu au mweusi uitwao fosfidi ya zinki, ambayo hali yake ni kinyume kabisa. Ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi kali, na mbwa anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache. Hapa chakula ni hatari, kwa kuwa huongeza asidi. Matapishi yake hutoa gesi hiyohiyo, hivyo msafirishe madirisha yakiwa wazi, na akitapika sogea upande upepo unakotoka.

Sasa, ufanye nini? Mtoe penye sumu na uangalie kama anapumua vizuri. Mpigie daktari wa mifugo kabla ya kumpa kitu chochote. Mweleze uzito wa mbwa kwa makadirio, kitu alichokula, kiasi, na saa. Chukua pakiti au chupa yenyewe yenye lebo. Kama amekwisha kutapika, weka matapishi kidogo kwenye mfuko uende nayo.

Maziwa hayaui sumu. Mafuta ya kupikia yanaweza kuingia mapafuni, na sumu nyingine hufyonzwa upesi zaidi zikichanganyika nayo. Chumvi ya kumtapisha ni sumu nyingine unayoiongeza, kwani ikizidi mwilini huharibu ubongo. Kutapisha kwenyewe kunafaa tu daktari akiagiza, kwa kawaida ndani ya saa 2 tangu mbwa ale, naye awe macho na anajimudu. Aliyekula kitu kinachounguza, aliyekunywa petroli au mafuta ya taa, au aliyeshikwa na degedege, asitapishwe kabisa.

Dawa ikiwa imemwagika kwenye manyoya, vaa glavu, mwoshe kwa sabuni ya kawaida na maji mengi, na umzuie asijilambe. Akishikwa na degedege, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, zima taa, punguza kelele. Ulimi hamezi, hivyo usimtie kijiko wala mkono kinywani.

Mkono huo una sababu nyingine ya kukaa mbali. Kichaa cha mbwa nacho huleta mate mengi, kushindwa kumeza, kuyumba na degedege. Kama hukumwona akila kitu na chanjo yake imepitwa na wakati, mfungie mahali salama na umwite daktari. Mate yake yakigusa kidonda chako, au akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ndani ya nyumba pia kuna hatari: chokoleti, vitunguu, zabibu, pipi zilizotiwa zailitoli (aina ya sukari mbadala), na vidonge vya maumivu vya binadamu kama ibuprofeni na parasetamoli. Usimpe mbwa sindano ya ng'ombe ya ivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, kwa kukisia kipimo. Nguvu yake ni kubwa mno kwa mnyama mdogo, na mbwa wa jamii ya koli (mbwa wa kuchunga kondoo) huweza kudhurika hata kwa kiasi ambacho mbwa wengine huvumilia.

Siku ya kunyunyizia dawa, mfunge mbwa hadi majani yakauke. Ndoo za kuogeshea zimwagwe na kuoshwa papo hapo, maji yake yasielekee kisimani wala mtoni. Usihamishie dawa kwenye chupa isiyo na lebo. Siku ya dharura utashindwa kumwambia daktari ilikuwa nini. Chambo cha panya kiwekwe ndani ya kisanduku chenye tundu la kupita panya tu, nawe upite kila asubuhi kuokota panya waliokufa. Hao, pamoja na matapishi na mzoga wowote uliokufa kwa sumu, wazikwe ndani sana, mbali na maji, ufukie vizuri ili kuku, paka na ndege wala mizoga wasifukue.