Pasi ya Marekani, kazi nje: hesabu siku zako 330

Wenye uraia wa Marekani mnaofanya kazi Dar, Nairobi au Dubai, kodi ya Marekani inawafuata huko huko mliko. Ila sheria inaruhusu mshahara wa nje uondolewe kwenye kodi ya mapato, hadi dola 130,000 kwa mwaka 2025, kwa kujaza Fomu 2555. Msamaha huo hauji wenyewe. Lazima upeleke ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, hata kama hudaiwi senti.

Sharti linalotumiwa sana ni kuwa nje siku 330 kamili ndani ya miezi 12 mfululizo, na si lazima ianzie Januari. Siku kamili ni saa 24, kuanzia saa sita usiku. Siku unayopanda ndege New York haihesabiki, wala siku unayorudi kumwona mama Minneapolis, hata ukitua saa tano usiku. Tunza tiketi na mihuri ya pasi, tafadhali.

Pensheni, kodi ya nyumba uliyopangisha na riba ya benki hazimo kwenye msamaha huo. Na aliyejiajiri bado analipa ile asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani.