Unataka kuwa daktari wa chanjo? Anzia kwenye friji ya zahanati

Madogo mnaomaliza intern hapa Tanga mnaniuliza sana hii kazi ya chanjo na afya ya kimataifa mtu anaingiaje, na swali la kwanza huwa skolashipu ya Ulaya. Skolashipu itakuja, we anza na friji.

Nenda zahanati yoyote huko Pongwe au Kigombe, kaa na nesi wa kliniki ya watoto, sio kumsimamia, muombe akufundishe. Joto linasomwa asubuhi na jioni, liwe kati ya nyuzi 2 na 8. Wengi wanaogopa joto tu wakati baridi nayo inaua chanjo, ile penta, chanjo moja ya magonjwa matano, ikishaganda hata iyeyuke haifai tena. Ukiitilia shaka chupa chukua nyingine ya bechi ileile, igandishe makusudi, iyeyushe, tikisa zote mbili uziweke mezani utazame, iliyoganda mashapo yake yanashuka haraka juu panabaki maji tu. Ya kwako ikishuka vilevile usimchome mtoto wa mtu.

Kingine, chanjo ya surua chupa moja dozi 10 na ikishachanganywa mwisho masaa 6, sasa mama akija na mtoto wake mmoja tu anaambiwa rudi siku ya kliniki ili dozi zisipotee, na mume yuko dago, kambi ya wavuvi, yeye ndo anahangaika na biashara, harudi huyo! Surua inapita hapohapo. Mi nasema fungua chupa, dozi zikimwagika zimwagike.

Ujuzi wa hivi ndo unakufikisha mbali jamani. Daktari William Foege, Mmarekani, mwaka 1966 mashariki ya Nigeria chanjo ya ndui haikumtosha, akawauliza wamisionari kwa redio vijiji gani vina wagonjwa, akachanja waliowazunguka wagonjwa hao, na njia hiyo ikasaidia sana mpaka 1980 ndui ikatangazwa imetokomezwa.

Ukishapata leseni ya Baraza la Madaktari fanya kozi ya GCP, yaani taratibu za kufanya majaribio ya tiba kwa watu, zipo za bure mtandaoni, halafu tafuta kazi kwenye majaribio ya chanjo. Hayako mbali. Korogwe na Bagamoyo zilikuwa kati ya vituo 11 Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, na Bagamoyo ikajaribu tena R21, nyingine ya malaria, ambayo WHO waliipitisha 2023. Huko jifunze ridhaa kabla ya yote: mama asiyejua kusoma anasomewa fomu nzima mbele ya shahidi asiye wa timu yenu ndo aweke dole gumba, na akisema ngoja nikaongee na bibi yake mtoto mwache aende, hata akikataa mtoto wake anatibiwa kama wengine.

Masters baadaye, epidemiolojia pale Muhimbili ni nzuri tu, usikwepe takwimu. Na Kifaransa jifunzeni mapema, Kongo, Niger na Chad kazi za chanjo ni nyingi na bila lugha utaishia kukaa ofisini.