Somo: Nyama ya baga bila yai wala mkate

Wengi wetu tukishika nyama ya kusaga, mkono unakwenda wenyewe kwenye yai, chenga za mkate, kitunguu na giligilani. Hizo ni kababu, tena tamu, lakini leo tunatengeneza baga.

Mahitaji (zinatoka 6): steki gramu 800, mafuta ya ng'ombe gramu 200, chumvi, pilipili manga. Basi.

1. Kazi kubwa iko buchani. Ng'ombe wa kienyeji hana mafuta mengi ndani ya nyama, kwa hiyo steki tupu itakupa baga kavu. Kidari kikiwepo ndicho bora. Mwambie aongeze mafuta, asage mbele ya macho yako, mara moja tu. Ile iliyosagwa ikakaa kwenye sinia tangu asubuhi achana nayo, kwa joto hili la Dar!

2. Iweke friza dakika 20. Mafuta yakilainika yanaishia kwenye viganja na bakuli badala ya kubaki ndani ya nyama.

3. Gawa madonge 6. Usikande, huu si unga wa chapati. Bonyeza taratibu yawe bapa, unene sentimita 2, upana uzidi skonzi kidogo maana yatasinyaa. Katikati bonyeza kishimo kwa dole gumba, la sivyo yatatuna.

4. Chumvi na pilipili manga nyunyiza juu, pande zote, kikaango kikiwa tayari motoni. Ukichanganya chumvi mapema inayeyusha protini za nyama, zinanatana, na unachopata ni soseji.

5. Moto mkali, dakika 4 hivi kila upande. Usikandamize kwa mwiko. Ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi: kwenye steki nzima bakteria hukaa juu, ila mashine ikishasaga wanaingia mpaka katikati. Kipimajoto ndicho cha kuaminika, rangi hudanganya.

MASWALI

Dada, niweke papai bichi kama kwenye mishkaki?
Hapana mpenzi. Papai linavunja nyuzi za nyama, na mashine imeshazikata. Utapata uji.

Yangu humeguka nikigeuza, ndiyo maana naweka yai.
Unageuza mapema. Iache ipate ukoko chini, itaachia yenyewe. Na hakikisha inaingia kikaangoni ikiwa ya baridi.

Shukrani kwa somo. Jiko la mkaa je?
Mimi napenda zaidi la mkaa. Subiri makaa yapate jivu jeupe. Mafuta yakidondoka moto utaruka, basi sogeza nyama pembeni ya wavu, usimwagie maji.

Nikitengeneza nyingi nikagandisha?
Gandisha bila chumvi, weka karatasi ya kuokea katikati ya moja na nyingine. Miezi 3 ladha bado ipo.

Na umeme ukikatika, dada? Huku kwetu ndiyo kawaida.
Usifungue friza kuchungulia. Ikiwa imejaa hushika baridi takribani saa 48, ikiwa nusu kama saa 24. Umeme ukirudi, nyama yenye chembe za barafu igandishe tena. Iliyolainika ikapata joto, tupa, hata kama hainuki.