Namna Chipukizi Mwenye Kipaji Anavyoweza Kupata Dakika za Kucheza

Ikiwa wewe ni chipukizi wa mpira wa kikapu unayewazidi wenzako kwa kuruka, kwa kudunda mpira na kwa kufunga, lakini kila mechi unabaki benchi ukimtazama mkongwe asiye na mbwembwe akimaliza dakika za mwisho, usidhani kwamba kocha hakioni kipaji chako. Anakiona vizuri. Anachokosa kwako ni uhakika, kwa sababu mpango wake ni wa watu watano wanaokwenda pamoja, nao huvunjika pale ambapo haijulikani mmoja wao atakuwa wapi mpira ukihamia upande wa pili.

Anza na ulinzi. Mlinzi mmoja anapochelewa nusu hatua kumziba mshambuliaji aliyepenya, mwenzake hulazimika kumwacha mtu wake ili asaidie, wa tatu naye huziba pengo la wa pili, na mwishowe mpinzani mmoja husimama peke yake kwenye kona, ambako kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mstari wa pointi tatu uko karibu zaidi: mita 6.60 kutoka kikapuni badala ya 6.75 za sehemu nyingine. Karatasi ya takwimu itamwandika mfungaji, wala haitamtaja aliyechelewa; kocha, hata hivyo, amemwona. Kwa hiyo, unapotazama video za mechi zako, yaruke mabao yako na uangalie nyakati ambazo hukuwa na mpira: je, ulikuwa mahali ulipoagizwa, na ulimtahadharisha mwenzako kwa sauti kwamba anawekewa kizuizi?

Dhibiti pia faulo. Vijana hupenda kuchokora mpira mbali na kikapu, mahali ambapo mpinzani hana hatari yoyote, ilhali timu ikishafikisha faulo nne katika robo moja ya mechi, faulo ya ulinzi inayofuata huwapa wapinzani mitupo huru miwili.

Katika mashambulizi, chagua kazi moja au mbili ambazo timu inazihitaji na uzifanye kila siku kwa namna ileile. Bruce Bowen hakuchaguliwa katika drafti ya NBA, yaani zamu ambazo timu za ligi hiyo ya kulipwa ya Marekani huzitumia kuchagua wachezaji wapya, lakini kwa kumganda mshambuliaji hatari wa wapinzani na kufunga pointi tatu kutoka kona alitwaa ubingwa na San Antonio Spurs mwaka 2003, 2005 na 2007. Golden State Warriors nao walimchagua James Wiseman akiwa chaguo la pili katika drafti ya 2020, kisha Februari 2023 wakamwachia katika mabadilishano yaliyomrudisha Gary Payton II, mlinzi ambaye hakuwahi kuchaguliwa katika drafti yoyote na aliyekuwa bingwa pamoja nao mwaka 2022. Ni kweli kwamba majeraha yalimrudisha Wiseman nyuma, na haki itendeke kulisema hilo. Lakini timu iliyotaka ushindi wa msimu uleule ilimtaka mtu ambaye tayari aliijua kazi yake.

Makocha nao hupitiliza. Timu iliyokwisha kupoteza matumaini ya ubingwa haina sababu nzuri ya kumchezesha mkongwe dakika 30, na hapo unayo haki ya kumwendea kocha faraghani. Usimwulize kwa nini huchezi. Mwulize ni kosa gani moja analoliogopa akikuingiza, kisha ulifanyie kazi hilo kabla ya mechi inayofuata.