Somo: Chombo gani kwa mboga gani? Ndoo, mtungi, gunia na chungu

Habari zenu wapenzi wa bustani. Swali ambalo nimeulizwa sana tangu mvua ianze ni hili: ninunue chombo gani? Nami humrudishia mtu swali lake: unataka kula nini? Wengi wetu tunaokota chombo kwanza, halafu ndiyo tunatafuta cha kupanda ndani. Anza na mizizi ya mboga yako na jua la mahali unapoishi, chombo kitafuata.

Nilijifunza haya nikiishi Nyalenda, Kisumu. Nilipanda nyanya kwenye mikebe ya lita nne, mche mmoja kila mkebe. Zilikua, zikachanua, nikafurahi. Matunda yalipofikia ukubwa wa yai yakaanza kuharibika kitakoni: doa la kahawia, kisha jeusi, limebonyea na kukauka kama kipande cha ngozi ya kiatu. Nikaenda agroveti, nikauziwa dawa, nikapuliza. Matunda yaliyofuata yakaharibika vilevile. Haukuwa ugonjwa. Mkebe ulikuwa unakauka kabisa kufikia saa nane mchana, kisha nikirudi jioni naujaza maji. Mmea ukipata maji kwa kukatikakatika hivyo, kalisiamu haifiki vizuri kwenye tunda, na kitako ndicho kinachoumia kwanza. Msimu uliofuata nilipanda kwenye ndoo za lita 20, nikatandaza nyasi kavu juu, na madoa hayakurudi.

Hatua ya 1: Pima kwa mizizi

Dania, vitunguu vya majani na mchicha wa kuvuna ukiwa mdogo hutosheka na kina cha sentimita 15 hadi 20. Dania ina mzizi mkuu unaoshuka wima na haipendi kuhamishwa, kwa hiyo mbegu ziende moja kwa moja kwenye chombo chake. Spinachi, na mboga za kienyeji kama managu na saga, zipe sentimita 20 hadi 25. Sukuma wiki ni mti wa miezi mingi, usiinyime: sentimita 30, na lita 10 hivi kwa kila shina. Nyanya na pilipili hoho, lita 20 kwa mche mmoja. Najua inauma kuona ndoo nzima na mche mmoja katikati. Vumilia, mwezi wa pili utaona umejaa.

Chombo kidogo hakimzuii mmea kuota, ila kinakufunga wewe. Ukitoka kazini saa kumi na mbili jioni, huwezi kumwagilia mara tatu kwa siku. Ukisitasita kati ya saizi mbili, chukua kubwa.

Mtungi wa njano wa lita 20, ule wa mafuta ya kupikia, ni vyombo viwili kwa bei ya kimoja. Ukiusimamisha na kukata sehemu ya juu, una kina cha sukuma wiki. Ukiulaza na kukata dirisha refu ubavuni, una kihori chenye kina kama sentimita 20, kipana, kinachofaa dania na spinachi, na mkono wa kubebea unabaki pale mwishoni.

Hatua ya 2: Angalia jua lako

Sasa naishi Free Area, Nakuru, na hapa nililazimika kujifunza upya. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Kisumu ni 1,130 hivi kando ya ziwa. Ndoo nyeusi inayosaidia mizizi kupata joto katika baridi ya Julai hapa kwetu, huko Kisumu inaipika. Ukiwa Kisumu, chagua ndoo nyeupe au paka nje chokaa, kisha zisogeze ndoo zikaribiane ili zikingane jua.

Chungu cha udongo hupumua, na mimea kama rosmeri hukipenda kwa sababu hukauka haraka. Mboga za majani zitakuchosha humo. Ukiona unga mweupe ukijitokeza ubavuni mwa chungu, ni chumvi za maji na mbolea. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana madini mengi, floridi ikiwemo, kwa hiyo mimi hukinga maji ya mvua na kuyatumia kwanza kwenye vyungu.

Hatua ya 3: Uliza kilibeba nini

Hapa sina mzaha. Kilichobeba dawa ya kuua wadudu au magugu kisipandiwe chakula hata ukikiosha mara kumi. Kilichobeba mafuta ya gari, vivyo hivyo. Ndoo za mafuta ya kupikia kutoka hoteli za chapati ni nzuri mno, zioshe kwa maji moto na sabuni. Geuza chini utafute pembetatu ya mishale yenye namba ya aina ya plastiki: namba 2 na namba 5 ndizo ninazozitafuta.

Hatua ya 4: Toboa, na usiweke kokoto chini

Pasha moto msumari wa inchi nne, ushike kwa koleo, toboa matundu sita hadi manane chini. Fanyia nje, usivute moshi wa plastiki. Kisha inua chombo juu ya vipande viwili vya tofali, kwa sababu tundu lililokaa sakafuni ni tundu lililozibwa.

Kuhusu kokoto: tulifundishwa kuziweka chini ili maji yatoke. Jaribu hivi jikoni. Lowesha sponji ya kuoshea vyombo, ishike bila kuikamua. Maji yatadondoka, kisha yatakoma, na upande wa chini utabaki umelowa chepechepe. Iweke juu ya kokoto. Bado chini kumelowa. Udongo nao uko hivyo: maji hayaruki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe mpaka udongo ushibe. Kwa hiyo kokoto zinapandisha tope karibu na mizizi na kukupunguzia kina. Weka kipande cha neti ya zamani juu ya matundu ili udongo usitoroke. Basi.

Hatua ya 5: Udongo

Udongo wa shamba peke yake hushikana kama tofali ndani ya ndoo. Mimi huchanganya ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya mbolea ya boma iliyooza vizuri na moja ya mchanga. Walio karibu na Ahero wana bahati ya maganda ya mpunga, yanalegeza udongo kuliko mchanga na ni mepesi. Wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, wajihadhari na udongo mweusi: ukikauka hujivuta mbali na ukuta wa ndoo, ukimwagilia maji yanapita pembeni na kutokea chini, nawe unadhani mmea umekunywa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kakamega: Dada, umesema tusiweke kokoto. Mbona bustani ya gunia huwa na mawe katikati?

Jibu: Umeuliza vizuri. Kwenye gunia mawe hayako chini kama tandiko, yamesimama kama nguzo toka chini hadi juu. Unaweka mkebe usio na kitako katikati, unaujaza mawe, unazungushia udongo, unauvuta juu, unaendelea hivyo mpaka gunia lijae. Maji ukiyamwaga juu yanashuka kwa nguzo ile na kusambaa pande zote, hadi kwa miche ya chini kabisa ubavuni. Bila nguzo, sukuma za chini zitakufa kiu. Gunia la plastiki lililosukwa huchakaa kwa jua, panga kulibadilisha baada ya msimu mmoja au miwili.

Mwanachama, Kondele: Sukuma zangu ziko kwenye ndoo nyeusi. Namwagilia asubuhi, saa sita zimenyauka, usiku zinasimama tena. Niongeze maji?

Jibu: Kwanza, mama, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, usiongeze, utaozesha mizizi. Gusa ubavu wa ndoo saa saba. Ukishindwa kuacha mkono hapo, mizizi inaungua. Paka chokaa, funika udongo kwa nyasi, na utafute kivuli cha mchana.

Mwanachama, Bungoma: Na matairi? Yamejaa huku.

Jibu: Mimi huyaweka maua. Mpira wa tairi una zinki na mafuta mengine, na juani hupata joto kali. Mboga nalisha watoto, kwa hiyo nachagua kitu nisichokitilia shaka.

Mwanachama, Nakuru: Naishi orofa ya tatu. Msimamizi wa ploti analalamika kuhusu uzito na maji yanayodondokea wa chini.

Jibu: Msikilize. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inaweza kufika kilo 30, hivyo kumi ni kilo 300. Panga chache karibu na ukuta, si ukingoni, na utumie vihori vya dania na spinachi badala ya ndoo. Chini weka beseni pana, umwage maji yaliyobaki baada ya nusu saa.

Mwanachama, Kisumu: Naweza kuweka mnanaa na rosmeri kwenye beseni moja?

Jibu: Hapana, dada. Mnanaa unataka unyevu kila siku na hutambaa chini kwa chini mpaka ujaze beseni. Rosmeri inataka udongo ukauke kabla ya maji mengine. Mnanaa upe beseni pana peke yake, na rosmeri uitafutie chungu pale soko la Kibuye. Ukifika, kigonge kwa kifundo cha kidole kabla ya kulipa: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti butu kina ufa.