Kupamba kitako cha bakuli la mbao lililokerezwa

Mapambo ya kitako huamuliwa kabla tumbo la bakuli halijachimbwa. Wengi hufanya kinyume: wanamaliza ndani, wanaligeuza bakuli, ndipo wanaanza kujiuliza watachora nini. Kufikia hapo unene uliobaki chini haujulikani, na mfuo (mfereji mwembamba) mmoja wa mapambo unaweza kutokeza upande wa pili.

Vipimo vifuatavyo ni vya bakuli lenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 25 na kitako cha sentimita 8 hivi. Liwe limekauka. Mti mbichi husinyaa zaidi kwa kukatisha nyuzi kuliko kwa kuzifuata, kwa hiyo pete ulizochora leo zitageuka mayai baada ya miezi michache. Kama umeanza na mti mbichi, likereze nene (sehemu moja ya kumi ya kipenyo), liache likauke, kisha likereze tena.

Hatua ya 1: Pima unene

Unapochimba ndani, acha milimita 10 hadi 12 chini. Kitako kitapoteza milimita 2 kwa kubonyezwa katikati, 1 nyingine kwa mifuo, na kidogo kwa msasa. Isibaki chini ya 6 popote.

Laza ufito ulionyooka juu ya mdomo wa bakuli, shusha kijiti hadi chini, weka alama. Toa kina hicho kwenye kimo cha nje. Kimo cha nje kinaishia begani pa ulimi ule unaoshikwa na taya za mashine ya kukereza, si kwenye ncha ya ulimi. Ulimi utakatwa wote; anayeuhesabu kama unene ndiye anayeishia na bakuli lenye tundu.

Hatua ya 2: Geuza bakuli

Kereza kigutu cha mti laini, kirefu kidogo kuliko kina cha bakuli, ncha yake ikiwa na mviringo unaofanana na tumbo la ndani. Kivike ngozi laini. Pachika bakuli juu yake, mdomo ukielekea upande wa mota, kisha sogeza kichwa cha nyuma (sehemu ya mashine inayoelekeana na mota) mpaka ncha yake iingie kwenye kile kitobo cha katikati kilichobaki kwenye ulimi. Ndiyo maana kitobo hicho hakifutwi tangu mwanzo.

Zungusha kwa mkono huku penseli ikiwa karibu na ukingo. Nafasi ikipanuka na kufinyika, gonga bakuli taratibu kwa kiganja hadi litulie. Kaza kiasi cha kulizuia lisiteleze, basi. Ukikaza kupita hapo, kitako chembamba hupasuka. Mwendo uwe mizunguko 500 hadi 600 kwa dakika.

Hatua ya 3: Ondoa ulimi, umba mguu

Tumia bobari (patasi yenye mfereji) ya milimita 10 iliyonolewa hivi punde, ukikata kutoka nje kuelekea katikati kwa maganda membamba. Bakisha kisiki cha milimita 15 chini ya ncha ya kichwa cha nyuma. Katikati pabonyee milimita 1.5 hadi 2, na pete ya kukalia ibaki na upana wa milimita 4 hadi 6. Simamisha rula ya chuma juu ya kitako: mwanga upite katikati, usipite kwenye pete. Kitako kilicho bapa kabisa hupendeza siku ya kwanza, lakini mbao ikivuta unyevu tu, bakuli linayumba mezani.

Hatua ya 4: Msasa sasa, si baadaye

Namba 120, 180, 240, 320. Ukipiga msasa baada ya kuchonga mifuo, kingo zake kali zitalainika na mapambo yataonekana yamechakaa kabla hayajatumika.

Hatua ya 5: Mifuo na matuta

Mashine ikizunguka, gusa kwa penseli kuchora pete. Usizigawe sawasawa. Mbili zilizokaribiana milimita 3 jirani na mguu, na moja pekee karibu na katikati, hutulia machoni kuliko pete sita za nafasi moja. Kwa kweli pete tatu zinatosha. Kitako kilichojaa mistari hufanana na shabaha.

Laza patasi yenye ncha ya mkuki juu ya egemeo la zana, ncha ikiwa sawa na katikati ya mzunguko. Sukuma moja kwa moja ndani milimita 1, bila kuyumbisha mkono. Rudia ukielemea kidogo kushoto, kisha kulia, mfuo ufunguke. Ukitaka tuta, chonga mifuo miwili iliyoachana milimita 4 na uviringe mabega yake kwa patasi ya kukwangua.

Simamisha mashine uangalie. Kwenye kitako nyuzi zimelala, hivyo kila pete inazipitia kwa kuzifuata na kwa kuzikatisha. Ukiona sehemu mbili zinazotazamana zimechanika manyoya, noa patasi, paka shelaki (aina ya vanishi) nyepesi, iache ikauke, kisha pitisha tena unene wa nywele. Ni kwa sababu hiyohiyo patasi ya mtetemo, yenye ncha inayotikisika na inayochora nyota maridadi kwenye nyuzi zilizosimama, huharibu vitako vya mabakuli. Iachie vifuniko vya vikasha.

Kuunguza mfuo uwe mweusi: waya unaotumika kwenye ubavu wa nje haufai hapa, kwani kwenye uso bapa hauna pa kujishika. (Huko ubavuni, ufunge kwenye vishikio viwili vya mti, kamwe usiuzungushie vidoleni.) Chukua ukingo wa kipande cha Formica (bamba gumu la kufunikia meza), uingize ndani ya mfuo, ongeza mwendo hadi mizunguko 1,000 ikiwa bakuli limeshikwa imara, kandamiza hadi moshi utoke, kisha ondoa mara moja. Fagia maranda kwanza. Mfuo ukiwa na kina kifupi, ukingo unaruka na kuacha madoa ya kahawia kando.

Kwa rangi badala ya moto, mfuo ni mpaka pia. Rangi husafiri kwa kufuata nyuzi. Nyuzi zikikatwa, haivuki kwa urahisi. Chonga kwanza, paka baadaye.

Hatua ya 6: Kata kisiki

Kipunguze hadi milimita 6, zima mashine, kikate kwa msumeno mdogo, malizia kwa patasi na msasa wa mkono.

Hatua ya 7: Jina

Aina ya mti, mwaka, jina lako. Wino kwenye mbao tupu hutambaa ndani ya vinyweleo na herufi huota ndevu. Paka shelaki mara mbili, sugua kidogo kwa 320, andika kwa wino usioyeyuka, subiri siku nzima, ndipo upake mafuta. Kwa kalamu ya moto, pita mara kadhaa kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza, inazama kwenye pete laini za mti na kuziruka zile ngumu.

Hatua ya 8: Mafuta

Paka kidogo, subiri dakika 15, futa. Ndani ya mifuo toa yaliyotuama kwa mswaki wa zamani, la sivyo yatabaki yakinata kwa wiki kadhaa. Kama ni mafuta ya kitani, usiache kitambaa kimefinyangwa, kwa kuwa hujipasha joto chenyewe na kuwaka. Kitandaze nje kikiwa bapa, au kiloweke ndani ya maji.